Macho ya Katikati: Vivinjari na Faragha katika Mitaa ya Eastlands

Kivinjari cha kwanza ambacho wakazi wengi wa Eastlands, Nairobi, walikitumia hakikuwa chao. Kilikuwa cha saiba, duka la kukodisha intaneti. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi karibu 2010, mkazi wa Umoja, Kayole, Buruburu au Dandora aliyetaka kusoma barua pepe aliingia katika chumba cha duka, akaelekezwa kwenye mashine yenye namba, na mara nyingi akakuta dirisha la Internet Explorer limeachwa wazi na aliyemtangulia. Hakuulizwa anataka kivinjari gani. Mwenye saiba alishachagua. Baadaye mchaguzi akawa kampuni ya simu, na baadaye tena akawa mtengenezaji wa simu. Kilichomwongoza kila mmoja wao kilikuwa bei, na kila bei iliposhuka, paliongezeka mtu wa kati mwenye uwezo wa kuona kinachosomwa.

Intaneti ya biashara ilianza Kenya katikati ya miaka ya 1990. Africa Online, iliyoasisiwa na vijana Wakenya waliosoma Marekani, Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno, ilikuwa miongoni mwa watoaji huduma wa mwanzo. Mwaka 1998 Shirika la Posta na Simu likaanzisha Jambonet, mkondo mkuu wa kuiunganisha nchi na mtandao wa dunia kwa setilaiti. Setilaiti ilikuwa ghali na ya polepole, na hali hiyo haikubadilika sana hadi nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilipofika Mombasa mwaka 2009. Mtu wa mshahara wa kawaida hakuweza kumiliki kompyuta, laini ya simu ya nyumbani na ada ya intaneti ya kila mwezi kwa pamoja. Njia iliyobaki ilikuwa kutumia na wengine.

Kutumia na wengine hakukuwa jambo geni katika mitaa hii. Pumwani ilitengwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa makao ya Waafrika wa mjini. Ikafuatwa na mitaa ya baraza la mji kama Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni na Bahati, na sehemu ya nyumba hizo ilipangishwa kwa hesabu ya vitanda: mwanamume alipewa nafasi ya kulala, si chumba. Dandora, iliyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kuanzia 1975, iligawa viwanja vyenye choo na bomba, mwenye kiwanja akamalizia vyumba mwenyewe na kupangisha vingine. Nyumba za aina hiyo huitwa ploti hadi leo: lango moja, bomba moja, mlolongo wa vyumba vya singo, na redio ya jirani inayosikika ukutani. Katika nyumba ya aina hiyo faragha haitoki kwenye kuta. Inatokana na adabu, yaani watu kujifanya hawakusikia.

Hata swali la nani ameandika nini kuhusu nani lina umri mrefu Nairobi. Chini ya sheria ya usajili ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwanamume Mwafrika alitakiwa kubeba kipande chenye alama za vidole na rekodi ya waajiri wake, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, msako wa serikali ya kikoloni dhidi ya Mau Mau, wakazi wa mitaa ya mashariki walikusanywa kwa maelfu, wakachujwa kwa karatasi zao, na wengi wakapelekwa kambini. Mzee aliyeyaona hayo hakuhitaji kufundishwa kwamba habari zilizoandikwa mahali pasipo mikono yake zinaweza kurudi siku moja zikiwa na askari.

Saiba ya kawaida ya miaka ya 2000 ilikuwa na kompyuta nane au kumi zenye skrini nene za kioo, zilizotenganishwa kwa mbao za plaiwudi. Mbao hizo ndizo zilizokuwa faragha ya wakati huo, na zilimkinga mteja dhidi ya jicho la aliyeketi kando yake, basi. Bei ilishuka mwaka hadi mwaka mpaka ikafikia shilingi 1 kwa dakika, na mhudumu aliyekaa mlangoni alihesabu dakika kwa programu iliyoendesha mashine zote kutoka kwenye dawati lake. Nyingi za programu hizo zilimwezesha kuona skrini ya mteja yeyote bila mteja kujua.

Hatari kubwa zaidi ilikuwa ile iliyobaki baada ya mtu kulipa na kuondoka. Kivinjari kiliandika orodha ya kurasa zote zilizofunguliwa. Kilikumbuka herufi za mwanzo za anwani na kuzikamilisha chenyewe. Juu ya yote kilihifadhi vidakuzi. Kidakuzi ni kipande kidogo cha maandishi ambacho tovuti hukiacha ndani ya kivinjari ili imtambue mtu akirudi. Kilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli wa kampuni ya Netscape, na nia yake ilikuwa njema: duka la mtandaoni liweze kukumbuka mteja ameweka nini kikapuni. Katika kompyuta ya mtu mmoja kidakuzi humwondolea usumbufu wa kuingia upya. Katika kompyuta ya saiba, aliyefunga dirisha bila kubofya neno la kutoka alimwachia anayefuata sanduku lake la Yahoo likiwa wazi, barua zote ndani.

Wenye saiba waangalifu walikuwa na dawa, ingawa waliinunua kwa sababu ya virusi na si kwa ajili ya faragha. Programu ya Deep Freeze iliirudisha kompyuta katika hali yake ya mwanzo kila ilipozimwa na kuwashwa, ikafuta historia, vidakuzi na faili zote za siku hiyo. Mteja aliyejua hilo aliomba mashine iwashwe upya kabla hajalipa. Hii huenda ndiyo iliyokuwa kinga bora kuliko zote za wakati huo, lakini dhidi ya programu ya kunasa kila kitufe kilichobonyezwa haikusaidia kitu ikiwa mwenye mashine mwenyewe ndiye aliyeiweka.

Vivinjari vyenyewe vilichelewa. Safari ya Apple ilileta uvinjari wa faragha mwaka 2005, Chrome ikaja nao ilipozinduliwa Septemba 2008, Firefox na Internet Explorer zikafuata 2009. Chombo hicho kingefaa saiba kuliko mahali pengine popote, maana kazi yake ni moja tu: dirisha likifungwa, historia na vidakuzi vya kikao hicho vinafutwa. Lakini kilipofika, wateja wenyewe walikuwa wanahamia kwenye simu.

Uhamaji huo ulibebwa na herufi moja nyekundu, O ya Opera Mini. Ilitolewa kwa dunia nzima Januari 2006 na kampuni ya Opera ya Norway, na iliweza kufanya kazi katika simu ndogo za vitufe ambazo zisingeweza kamwe kuendesha kivinjari kamili. Simu ya mulika mwizi, ile ya bei ndogo yenye tochi, haikuwa na intaneti. Hatua moja juu yake ilikuwa simu ya rangi yenye Java, mfumo wa kuendesha programu ndogo, na kwa simu hiyo Opera Mini ndiyo iliyokuwa intaneti. Mtu alikwangua kadi ya muda wa maongezi, akasubiri mstari wa upakiaji ujae polepole, kisha ukurasa ukatokea umesukwa upya katika safu moja nyembamba, picha zikiwa zimefifia lakini maneno yote yapo.

Siri ya wepesi huo ilikuwa kwamba simu haikuzungumza na tovuti. Ombi lilikwenda kwenye seva za Opera. Seva ikauleta ukurasa, ikaupunguza, ikaubana, na kuutuma simuni. Kampuni ilitangaza kwamba data ilipungua hadi kwa asilimia 90. Ukurasa wa kilobaiti 500, kwa kiwango hicho, ulimfikia msomaji ukiwa na 50, na palipotozwa kila kilobaiti hiyo ilikuwa tofauti kati ya kusoma na kutosoma. Vijana wengi wa Eastlands walifungua akaunti ya kwanza ya Facebook kwa njia hiyo, wakasoma matokeo ya mtihani na kutafuta kazi. Hakuna kivinjari kingine kilichowafungulia watu wa kipato kidogo mlango mpana namna hiyo.

Gharama yake ilikuwa pale katikati. Tovuti ya benki au ya barua pepe hulindwa kwa HTTPS, mtindo wa kufunga mawasiliano kwa msimbo ili yasomwe na pande mbili tu. Seva haiwezi kubana isichoweza kukisoma. Kwa hiyo katika Opera Mini ya simu hizo msimbo ulifunguliwa ndani ya seva za Opera, ukurasa ukabanwa, kisha ukafungwa upya na kutumwa. Kampuni haikuficha jambo hili: katika maelezo yake kwa watumiaji ilisema kwamba anayetaka usalama kamili kutoka mwisho mmoja hadi mwingine atumie kivinjari kamili. Ushauri huo ulikuwa wa kweli, lakini aliyekuwa na simu ya Java hakuwa na pengine pa kwenda. Baadaye, mwaka 2015, toleo la Android lilipewa viwango viwili vya ubanaji ili mtumiaji achague mwenyewe.

Washindani walifuata njia ileile, wengine kwa uangalifu mdogo zaidi. UC Browser ya China ilipendwa kwa kupakua video haraka. Mei 2015 watafiti wa Citizen Lab, Chuo Kikuu cha Toronto, walionyesha kwamba toleo lake la Android lilikuwa linavujisha maneno ya utafutaji na vitambulisho vya simu bila ulinzi wa kutosha. Novemba 2014 Facebook, pamoja na Airtel Kenya, ilileta Internet.org, baadaye Free Basics: tovuti chache bila malipo, zote zikipitia lango la Facebook. Google nayo ikaweka ndani ya Chrome njia ya kupunguza data kwa kupitisha kurasa kwenye seva zake, ikaifunga mwaka 2022.

Simu za Android ziliingia kwa kishindo mwaka 2011, Safaricom ilipouza Huawei Ideos kwa bei ya takriban shilingi 8,000. Baada yake zikaja Tecno, Infinix na itel, ambazo hadi leo ndizo zinazojaza mifuko ya abiria wa matatu za Umoja na Kayole. Kila moja hutoka kiwandani na Chrome, na nyingi za kundi hilo huwa na Phoenix pia, kivinjari kinachowekwa na mtengenezaji. Mara hii seva ya kubana kurasa haikuwa ya lazima, na HTTPS ilianza kuenea mpaka ikawa kawaida ya tovuti nyingi. Jicho la katikati lilihamia ndani ya ukurasa wenyewe. Tovuti moja ya habari huita vidakuzi na vipande vya programu vya makampuni mengi ya matangazo, na kampuni ileile ikiwa na kipande chake katika tovuti elfu moja, inaweza kuunganisha habari za ugonjwa zilizosomwa asubuhi, kazi iliyotafutwa mchana na mkopo ulioulizwa usiku, vyote kwa mtu mmoja.

Hapa ndipo neno la Kiswahili lilipowachanganya wengi. Chrome ya Kiswahili huita uvinjari wa faragha hali fiche, na fiche kwa msikilizaji wa kawaida ni kitu kisichoonekana na yeyote. Kumbe hali fiche huficha historia kwa anayeshika simu ileile tu: ndugu wa chumba kimoja, mwenza, mtoto. Mwenye mtandao anaendelea kuona anwani za tovuti, na tovuti zinaendelea kuona mgeni. Kwa familia ya chumba kimoja yenye simu moja hicho si kitu kidogo, na haifai kukidharau. Ila ukubwa wa neno umepita ukubwa wa kazi. Nchini Marekani Google ilishtakiwa mwaka 2020 kwa kukusanya data za watu waliokuwa katika hali hiyo, na Aprili 2024 ikakubali kufuta rekodi nyingi katika mapatano ya kesi.

Kilichowafanya wakazi wengi waone faragha kama jambo la mfukoni ni mikopo ya simu. Opera yenyewe, iliyokuwa imepita mikononi mwa wawekezaji wa China mwaka 2016, iliingia biashara hiyo Kenya mwaka 2018 kwa programu ya OKash. Januari 2020 kampuni ya Hindenburg Research ya Marekani iliishutumu Opera kwa riba kubwa na muda mfupi wa kulipa uliokiuka kanuni za Google. Opera ilizikana shutuma hizo. Programu ya mkopo si kivinjari, lakini mazoea yaliyoenea katika sekta nzima yalionyesha wazi kinachowezekana mtu akibofya neno la kukubali bila kusoma: orodha ya namba zote simuni ilichukuliwa, na mkopo ukichelewa, shangazi, mchungaji na bosi wakapigiwa simu. Aibu hiyo, katika ploti ambako watu huishi kwa kutunziana heshima, iliuma kuliko riba.

Sheria ilikuwa imeanza kusogea. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Kulinda Data ilitiwa saini Novemba 2019. Kamishna wa kwanza wa data, Immaculate Kassait, aliapishwa Novemba 2020. Kanuni za Benki Kuu za 2022 kwa wakopeshaji wa kidijitali zilikataza kuwasumbua watu walio katika orodha ya simu ya mkopaji. Septemba 2023 ofisi ya kamishna iliitoza faini ya shilingi 2,975,000 kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, kwa kutumia namba za watu bila idhini. Kivinjari hakijaguswa moja kwa moja na sheria hizi, lakini kidakuzi kinachomtambulisha mtu ni data yake, na kuitumia kunahitaji idhini yake au sababu nyingine inayokubalika kisheria.

Saiba nazo hazikufa. Huduma za serikali zilipohamia mtandaoni, iTax kuanzia 2013 na eCitizen 2014, saiba ikawa ofisi ndogo ya serikali mtaani. Mwishoni mwa Juni, siku ya mwisho ya marejesho ya kodi ikikaribia, foleni hutoka mlangoni hadi kwenye kibanda cha smokie. Mteja haketi tena mwenyewe. Anasimama nyuma ya kiti, anamtajia mhudumu namba ya PIN na nenosiri, kwa sauti ambayo watu watatu wa nyuma wanaisikia. Kwenye kona ya juu ya skrini Chrome inauliza kama ihifadhi nenosiri hilo. Mhudumu mwenye haraka hubofya ndiyo, kwa kuwa mteja huyu atarudi mwaka ujao akiwa amelisahau. Ndani ya kivinjari kimoja hukusanyika hivyo funguo za mamia ya watu, na yeyote aketiye kwenye mashine hiyo anaweza kuzifungua. Saiba zinazojali hutumia hali fiche kwa kila mteja, na hapo chombo kile kilichochelewa 2008 kinafanya hasa kazi iliyokifaa.

Kwenye simu, uchaguzi leo ni mpana kuliko wakati wowote. Firefox ilianza kuzuia vidakuzi vya wafuatiliaji bila kuombwa mwaka 2019, na toleo lake la Android hupokea viendelezi kama uBlock Origin, cha kuzuia matangazo. Safari iliziba vidakuzi vyote vya watu wa tatu, yaani vya kampuni zisizo tovuti inayosomwa, mwaka 2020. Brave, iliyoasisiwa na Brendan Eich aliyewahi kuwa Mozilla, waundaji wa Firefox, huzuia matangazo na wafuatiliaji tangu inapofunguliwa mara ya kwanza. DuckDuckGo ina kitufe cha kufuta kila kitu mara moja. Tor Browser huficha hata mahali mtu alipo, kwa kuyapitisha mawasiliano kwenye vituo vitatu, na hulipia kinga hiyo kwa mwendo wa polepole unaochosha. Google iliahidi mwaka 2020 kuviondoa vidakuzi vya watu wa tatu katika Chrome, ikaiacha nia hiyo 2024.

Ukiacha Tor, hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachomficha mwenye mtandao tovuti ambazo mtu anazitembelea. Wifi ya mtaa, inayouzwa kwa saa katika Kayole na Dandora kwa malipo ya M-Pesa, inamwezesha muuzaji kuona majina ya tovuti hata asipoweza kusoma kurasa. Wanaokimbilia VPN ya bure, huduma ya kupitisha mawasiliano kwenye seva nyingine, hubadilisha tu mtu wa kati, maana sasa VPN ndiyo inayoona kile alichokuwa akiona muuzaji wa wifi.

Katika Umoja wa Ulaya, tangu Machi 2024, mwenye simu mpya ni lazima aonyeshwe orodha ya vivinjari achague kabla hajaanza. Simu inayonunuliwa Luthuli Avenue, katikati ya Nairobi, haiulizi. Lakini bei, iliyochagua kwa niaba ya Eastlands tangu siku za saiba, imeanza kuvuta upande mwingine. Matangazo na vifuatiliaji ni mzigo wa data, na kivinjari kinachovizuia hakivipakui kabisa. Ukurasa wa habari hufunguka mwepesi, na bando la shilingi 20 husogea mbali kidogo. Opera Mini nayo ilibana matumizi, ila kwa kuusoma ukurasa katika seva ya mbali. Kazi hiyo sasa hufanyika ndani ya simu yenyewe. Anayefungua ukurasa mpya katika Brave huonyeshwa hesabu tatu: vifuatiliaji na matangazo yaliyozuiwa, data iliyookolewa, na muda uliookolewa.